Chura wa maporomoko ya Amani na zile mita 60 za ukingo

Kila msimu wa kuandaa mashamba ukifika huku Amani, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, malalamiko ni yale yale: kijito kimechafuka, bomba la kijiji linatoa maji ya udongo, na wenye mashamba ya ukingoni, wanaokatazwa kulima ndani ya mita 60 za kijito, wanauliza kwa nini "wanafukuzwa kwa sababu ya chura". Tuanze na huyo chura, maana ndiye anayekejeliwa zaidi vijiweni.

Jina lake la kisayansi ni Arthroleptides martiensseni. Anaishi kwenye vijito vya milima ya Usambara, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka. Rangi yake inafanana na mwamba, na ncha za vidole vyake zimepanuka, ndiyo maana anaweza kung'ang'ania jiwe linalopigwa na maji. Wanaowachanganya watu ni watoto wake. Viluwiluwi hawa hawakai dimbwini. Hujibandika kwenye uso wa mwamba unaochuruzika maji, mgongo ukiwa nje, na ukiwagusa hujirusha kwa mkia wao mrefu. Wapo wanaodai kuwa hao ni mijusi ya majini, na wengine wanasambaza picha za salamanda, mnyama wa jamii ya vyura mwenye umbo la mjusi, wakisema yupo Amani. Hayupo. Salamanda hawaishi Afrika kusini mwa Sahara.

Mwamba huo haukauki kwa sababu una kivuli. Ukifyeka miti ya juu yake, jua linaumaliza. Ukilima hadi ukingoni, mvua ya kwanza inashusha udongo, unatanda juu ya jiwe na kufukia utando wa mwani ambao ndio chakula cha viluwiluwi. Wanaoosha mchanga wa dhahabu hufanya uharibifu huo huo kwa haraka zaidi, kwa kuwa hupindua na mawe yenyewe. Na bomba la kupulizia dawa likisuuzwa kijitoni, sumu inamwingia chura kupitia ngozi, kwani ngozi yake hupitisha maji na hewa. Suuzieni shambani, mbali na maji.

Maji hayo yanaingia Mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalohudumia Jiji la Tanga. Hoja ya kwamba tuchague "chura au binadamu" tumeijibu mara nyingi mno: maji ni hayo hayo.

Kuhusu mita 60: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ukingo huo. Usijipimie mwenyewe ukaamua kwamba kijito chako ni kidogo mno. Uliza kwanza serikali ya kijiji, kisha ofisi ya mazingira ya wilaya. Kuteka maji kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali. Kuchepusha mkondo au kufunga pampu ya umwagiliaji kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na idhini ya mwenyekiti wa kijiji peke yake haitoshi. Ndani ya hifadhi ya msitu inatumika pia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002: anayekutwa akifanya shughuli bila kibali anaweza kutozwa faini, kufungwa au vyote viwili, na vifaa vyake vinaweza kutaifishwa. Malipo ya kibali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu (control number), si kwa fedha mkononi, na risiti itunzwe.

Watafiti wapitie COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) kabla ya kugusa kiumbe chochote cha kuchunguza. Vyura wa jenasi ya Nectophrynoides, akiwemo yule wa Usambara anayezaa watoto badala ya kutaga, wako Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini; hilo ndilo kundi lenye ulinzi mkali zaidi. Kuwasafirisha nje kiholela ni kosa.

Wanaosema chura hawezi kwisha wakumbuke Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Maji ya maporomoko yalipoelekezwa kwenye mitambo ya kuzalisha umeme, manyunyu yaliyomlea chura wa pale yalipungua mno, na ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu ukatajwa pia. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliobaki walikuwa wakilelewa Marekani, na baadhi walirudishwa Kihansi mwaka 2012 baada ya mitambo ya kunyunyizia maji kuwekwa pale.

Ukikuta vyura wamekufa kijitoni, piga picha, andika mahali na tarehe, kisha toa taarifa kwa mhifadhi au afisa maliasili. Usiwashike, na tafadhali usituletee kwenye chupa ya soda.