Maji ya bomba vijijini Nyanda za Juu Kusini: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Maji ya mserereko, yanayoshuka yenyewe toka chanzo cha juu, hayana gharama, mlima unayasukuma bure.”

Bili ya umeme haipo, hilo kweli. Lakini mlima huohuo ndio unaopasua mabomba. Kila mita 10 za kushuka huongeza bar 1 ya presha. Chanzo kikiwa mita 1,950 juu ya usawa wa bahari na kijiji mita 1,780, jambo la kawaida kwenye milima ya Makete au Ileje, tofauti ni mita 170, yaani bar 17. Bomba la PN10 huhimili bar 10; la PN16, bar 16. Mchana vilula (bomba za kuchotea maji) vikiwa wazi, sehemu ya presha humezwa na msuguano na hakuna anayeona tatizo. Usiku watu wakifunga, presha yote hukaa bondeni, na asubuhi bomba limepasuka. Lawama humwendea aliyeuza bomba, wakati mara nyingi kosa ni la mchoro wa mradi.

Dawa yake ni tangi la kupunguza presha kila baada ya mita 80 hivi za mteremko, kama bomba ni PN10. Tangi hilo huwa na koki ya boya, inayojifunga maji yakijaa, na boya likikwama maji humwagika porini mpaka mtu aende kuliona, kwa hiyo likaguliwe kila wiki. Sehemu zilizoinuka ziwekwe valvu ya hewa, na mabondeni koki ya kutolea tope. Hewa ikinaswa kwenye kilima, vilula hukauka ilhali chanzo kimejaa, na kijiji huanza kulaumu ukame.

“Huku ni baridi mno, sola haifai kuendesha pampu ya maji.”

Paneli inataka mwanga. Joto ni hasara kwake. Hupoteza takribani asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi 1 inayozidi 25, hivyo baridi ya Njombe ni faida. Wa kuogopwa ni ukungu na mawingu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Watu 800 kwa lita 25 kila mmoja ni lita 20,000 kwa siku. Kuyapandisha mita 80 kunahitaji uniti 4.4 hivi za umeme, na pampu yenye ufanisi wa asilimia 50 itakula 8.7. Gawanya kwa saa 5 za jua kamili, upate wati 1,750. Ongeza robo kwa ajili ya vumbi, nyaya na joto, ufike 2,200. Elekeza paneli kaskazini, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, na uzilaze nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izioshe. Usinunue betri za kuendesha pampu. Fedha hiyo ijenge tangi linalotosha siku mbili, nalo litavusha siku za ukungu.

“Mti wowote unalinda chanzo.”

Mkaratusi wa nguzo una faida yake, ila si chanzoni: hunywa maji mengi. Panda miti ya asili kama mivengi au mikuyu, na uache mita 60 bila kulima, kama Sheria ya Mazingira ya 2004 inavyotaka.

“Mradi umekabidhiwa, RUWASA watatengeneza kila kitu.”

RUWASA, wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini, ilianzishwa kwa sheria ya 2019, na uendeshaji wa kila siku uko kwa chombo cha watumia maji cha jamii. Chombo hicho hujiendesha kwa mauzo ya maji. Bei ya ndoo ikipangwa kwa kuangalia mshahara wa mlinzi tu, siku pampu ikiungua mfuko hauna kitu. Weka ndani ya bei hiyo fundi, vipuri na akiba ya pampu mpya.

Dira (mita) za malipo ya kabla huzuia fedha kupotelea mikononi, lakini haziongezi maji, na zenyewe zina udhaifu. Mchanga huzikwamisha na betri huisha. Kila dira itanguliwe na chujio linalofunguka kwa mkono, lioshwe kila mwezi, na masika kila wiki.