Umerithi upanga wa kijeshi wa Kijapani? Usiusugue kabla ya kuutambua

Mtu anayerithi upanga wa kijeshi wa Kijapani uliokaa stoo tangu Vita vya Pili vya Dunia mara nyingi huanza kwa kuusafisha, na hapo ndipo ushahidi unapopotea. Umri wa upanga, mhunzi wake na thamani yake husomwa zaidi kwenye msuka, yaani ile sehemu ya chuma iliyofichwa ndani ya mpini. Kutu ya msuka ni sehemu ya ushahidi huo. Weka kando msasa, dawa ya kung'arishia shaba na limau.

Askari wa King's African Rifles, wale tuliowaita Keya, walipigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944, kuanzia bonde la Kabaw hadi Mto Chindwin. Kwa hiyo upanga wa namna hii waweza kukutwa hata katika sanduku la mzee wa huku kwetu. Ukiuona umefungiwa kibao au kitambaa chenye maandishi ya Kijapani, usikifungue: huenda kina jina la ofisa aliyeusalimisha.

Anza na mpini. Upanga wa masajenti, modeli ya mwaka 1935 iitwayo Aina ya 95, una mpini wa aluminiamu uliomiminwa na kupakwa rangi ufanane na mpini wa kamba. Namba yake imegongwa kwenye ubapa, yaani chuma chenye makali, karibu na kikingio cha mkono, na nyingine iko kwenye mdomo wa ala. Namba mbili zikilingana, thamani hupanda. Ubapa huo ni wa kiwandani na hauna saini ya mhunzi, kwa hiyo huna sababu ya kuufungua.

Upanga wa ofisa una mpini wa mti uliovikwa ngozi ya samaki taa, kisha ukasukwa kwa kamba, na vyuma vyake vina maua ya mcheri. Modeli ya jeshi la nchi kavu ya 1934 ilikuwa na pete mbili za kuning'inizia, na ile ya 1938 ina moja. Kishada cha kuning'inia mpinini, kikiwa cha kahawia na buluu, kilikuwa cha maluteni na makapteni. Cha kahawia na nyekundu kilikuwa cha kuanzia meja hadi kanali. Lakini vishada hubadilishwa kirahisi, kwa hiyo visikuamulie peke yake. Jambo zito ni hili: maofisa walijinunulia panga zao, na wengine walipeleka ubapa wa ukoo ukavalishwa vifaa vya kijeshi. Ndani ya ala mbili zinazofanana kabisa, mmoja waweza kuwa wa mwaka 1942 na mwingine wa karne ya 16.

Kuuchomoa, elekeza makali juu na uvute ubapa ukiteleza kwa mgongo wake. Ukielekeza makali chini, yatakata ala na pengine vidole vilivyoishika. Kisha tafuta kigingi cha mwanzi kwenye mpini. Kina upande mwembamba. Kisukume kutokea huko kwa kijiti cha mti au cha shaba na nyundo ndogo. Shika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto, upanga ukiwa wima, umeinama kidogo, makali yakiwa mbali nawe, halafu piga kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya kulia. Msuka utalegea. Ukigoma, acha. Kuupiga kwa nyundo hupasua mpini. Panga vipande kwa mfuatano uliovikuta, maana vibati vinavyokaa pande mbili za kikingio mara nyingi vina namba zinazofuatana na vipande vingine.

Sasa soma msuka. Herufi 昭 au 関 iliyogongwa kwa muhuri huashiria ubapa wa wakati wa vita kutoka mji wa Seki huko Japani, kwa kawaida usiotengenezwa kwa njia ya jadi, yaani kufuliwa na mhunzi na kuzimwa kwa maji. Nyota ni alama ya wahunzi walioidhinishwa na jeshi, waliofua kwa njia ya jadi, na hiyo huinua thamani sana. Nanga ni ya karakana ya jeshi la majini. Tarehe ikianza na 昭和, jumlisha 1925 na namba ya mwaka: 十七, yaani 17, ni 1942. Matundu mengi ya kigingi na kutu nyeusi iliyokomaa huashiria ubapa mkongwe, pengine uliofupishwa. Maandishi ya rangi usiyafute.

Kagua pia mstari mweupe unaofuata makali ya ubapa, chini ya taa moja, kwa lenzi. Chuma kilichozimwa kwa maji kwa njia ya jadi huonyesha ukungu wa chembe ndogo zinazometa. Mstari uliochorwa kwa asidi ni mweupe bapa, hauna uhai. Panga bandia hujisaliti pia kwa kutu ya rangi ya machungwa iliyosambaa sawasawa na maua ya mcheri yasiyo na ncha kali.

Pima urefu kwa mstari mnyoofu, kutoka ncha hadi pengo la mgongoni mwanzo wa msuka. Piga picha pande zote mbili za msuka bila mpini. Kisha futa ubapa kwa spiriti safi na kitambaa laini ukitokea mgongoni, upake utando mwembamba wa mafuta ya cherehani. Usiuguse kwa vidole vitupu. Jasho huanzisha kutu. Msuka usipakwe chochote.

Kunoa ni kazi ya fundi aliyefunzwa Japani au kwa mbinu za huko, na gharama yake hupita kwa urahisi thamani ya upanga wa kawaida wa vita. Pata kwanza maoni ya mjuzi kwa picha. Wala usikimbilie kuupeleka Japani: sheria ya huko husajili panga zilizofuliwa kijadi tu, na ubapa wa kiwandani wa wakati wa vita hunyimwa usajili na waweza kuteketezwa. Vyeti vya chama cha Nihon Bijutsu Token Hozon Kyokai cha Tokyo, kilichoanzishwa 1948, navyo hutolewa kwa panga za jadi. Kwa hiyo picha za msuka zitangulie, upanga ubaki nyumbani, umelazwa makali juu, mahali pakavu.