Kamili haina "mwendo wa"

Matangazo ya michango na mazishi huku kwetu yana sentensi moja iliyonichosha: "Tutakutana mwendo wa saa tatu kamili asubuhi." Utaikuta kwenye vikundi vya simu vya Nakuru, utaisikia ikisomwa kanisani Kisumu, na anayeisoma mara nyingi ni mwalimu. Sasa aliyetangaziwa hivyo afike saa ngapi? Mwendo wa saa tatu ni kabla kidogo au baada kidogo. Saa tatu kamili ni saa tatu. Ukiyaweka pamoja umempa mtu miadi na kisingizio kwa pumzi moja.

Kamili, kwa kifupi, ni neno la kuonyesha kwamba kitu kimetimia, hakikupungua wala hakikuzidi. Visawe vyake hutajwa kuwa barabara, sawasawa, hasa, halisi. Hayo kila mtu aliyapitia shuleni.

Lenyewe lilitoka kwa Waarabu, kāmil, kilichotimia, na humu kwetu limezaa kukamilisha, ukamilifu na mkamilifu. Angalia kwamba maana yake ya msingi ni kutopungukiwa. Usahihi wa kipimo umekuja nyuma yake. Muuza mahindi anaijua tofauti hiyo kuliko wengi wetu. Gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, likibonyezwa kitako, hata ukilijaza hadi mdomoni, mama mnunuzi ataligeuza, alitazame chini, kisha aseme, "Hili si kamili." Limejaa, ndiyo, lakini kuna kitu limepungukiwa.

Saa ya Kiswahili nayo inalionyesha hilo wazi. Robo saa kabla ya saa tatu tunasema saa tatu kasorobo, yaani kasoro robo, maneno mawili yaliyogandana kwa kutamkwa haraka. Kasoro ni upungufu. Saa tatu imeshaitwa kwa jina, ila bado inadaiwa robo. Deni likiisha, saa inakuwa kamili. Ndiyo maana "saa tatu na dakika saba kamili" hunikwaruza kidogo masikio, ingawa simgombezi mtangazaji wa redio kwa hilo. Kwake kilichokamilika ni dakika.

Hasa ni neno jingine kabisa. Ni ndugu wa hususan na mahususi, na kazi yake ni kuchagua kimoja kati ya vingi, si kupima. Uliza, "Ikweta inapita wapi hasa?" Utajibiwa Maseno, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, na mtu wa Nakuru atakwambia Mogotio, ukishika njia ya Marigat. Wote wawili wamesema kweli, maana mstari ni mrefu. Lakini latitudo yake ni digrii 0 kamili, Maseno na Mogotio vilevile. Jaribu kubadilisha: "Inapita wapi kamili?" Hata mtoto atakucheka.

Barabara, si ile ya lami bali ile ya kusema sawasawa, ni ya Kiajemi, barābar, sawa kwa sawa. Wagujarati wenye maduka Kisumu na Nakuru nao wanalo, na wakikubaliana na jambo husema barabar. Wapo wanaodhani maana hii ilitokana na njia kuu iliyonyooka, lakini katika Kiajemi neno hilo halimaanishi njia hata kidogo. Sisi tulitumie mambo yanapoafikiana: umenena barabara, mlango umefunga barabara.

Kinachoniudhi kuliko hata mwendo wa saa tatu kamili ni takriban. "Takriban watu 43 wamejeruhiwa." Watu 43 wamehesabiwa mmoja mmoja, wana majina hospitalini, takriban inatafuta nini hapo? Neno hili ni la mzizi mmoja na karibu na akraba. Linasema tumekaribia, hatujafika. Linataka idadi ya kukisia: takriban watu 40. Na mara nyingi mwandishi hakukusudia kukisia, alitaka kusema huenda wengine wakaongezeka. Hapo Kiswahili kina "wasiopungua 43" au "angalau 43". Angalau haishuki chini ya idadi uliyoitaja. Takriban inaweza kushuka au kupanda.

Kwa hiyo makatibu wetu wapendwa, mnaoandika matangazo usiku na simu ikiwa na chaji kidogo: kama hamna hakika gari litafika lini, andikeni "mwendo wa saa tatu" na hakuna atakayewalaumu. Kama kasisi ameshasema hatasubiri mtu, andikeni "saa tatu kamili" na mfute hayo mengine.