Skrini ya kukunja si skrini isiyoharibika

Kila mzazi au mwalimu mkuu anayeniuliza kuhusu tableti za kukunja kwa ajili ya wanafunzi huanza na maneno yaleyale: "Fundi, hizi si ndizo zisizovunjika?" Zinaharibika, tena upesi kuliko za kawaida. Nimechoka kusikia dhana hii kwa sababu inawatia watu hasara kubwa.

Kupinda ni jambo moja, kustahimili ni jingine. Skrini hizi hupinda kwa sababu pikseli zake za OLED, yaani nukta ndogo zinazojitolea mwanga zenyewe, zimejengwa juu ya plastiki aina ya poliimidi badala ya bamba la kioo. Ikianguka haipasuki vipande, sawa. Lakini plastiki ni laini: ukucha huacha alama, ncha ya kalamu huacha shimo. Na OLED haivumilii hewa wala unyevu. Tabaka za kinga zikitoboka, doa jeusi huanza kutambaa siku hadi siku, na hakuna gundi wala protekta itakayolirudisha nyuma.

Mwaka 2019, Samsung ilipotoa Galaxy Fold za majaribio, baadhi ya waandishi wa teknolojia walibandua utando wa juu wakidhani ni protekta tu. Skrini zikafa. Nyingine ziliingiwa na chembe kupitia kwenye bawaba. Mauzo yaliyopangwa Aprili yakasogezwa hadi Septemba. Hao ni watu wazima wanaoishi kwa kuchambua simu! Mpe sasa mtoto wa darasa la tano kitu chenye utando unaoonekana kama unabanduka.

Wengine hunijibu kwamba siku hizi zina kioo halisi. Ndiyo, tangu Galaxy Z Flip ya 2020 kuna kioo cha takriban mikromita 30, chembamba kuliko unywele. Juu yake bado kuna plastiki, na kidole kinagusa hiyo hiyo.

Wanataja pia ile mikunjo 200,000 ambayo matangazo husema skrini itaihimili. Kwa mikunjo 100 kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka mitano. Ila mashine ya kupimia hukunja mahali pasafi, kwa nguvu ileile kila mara. Haina mchanga wa uwanja wa shule wala vumbi la chaki. Galaxy Z Fold3 ya 2021 ilithibitishwa kuhimili maji, vumbi halikutajwa.

Eti plastiki ni rahisi, kwa hiyo bei itakuwa ndogo? Televisheni ya LG inayojiviringisha iliingia sokoni Korea Kusini mwaka 2020 kwa won milioni 100 (won ni sarafu ya huko), bei ya anasa kabisa.

Kinachonisikitisha ni kwamba watu wakisikia skrini nyumbufu, yaani zinazoweza kupinda, wanafikiria kukunja tu, wakaacha kile kinachofaa shuleni. Mwaka 2013 Sony ilitoa DPT-S1, kifaa cha kusomea chenye skrini ya E Ink (inayofanana na karatasi iliyochapwa wino) iliyojengwa juu ya plastiki: inchi 13.3, gramu 358, ikajaribiwa katika vyuo vikuu vya Japani kikiwemo Waseda. Haikunjwi. Plastiki iliifanya iwe nyepesi na ngumu kupasuka, na ukurasa mzima wa kitabu ukatosha bila kukuza maandishi. Skrini ya namna hiyo husomeka juani, na hula umeme pale tu ukurasa unapobadilika. Video haiwezi, na mimi naona hilo ni jema kwa darasa la kusoma. Shule ikiniuliza, naitaja hii kwanza.

La mwisho: "Ikiharibika utanibadilishia kioo cha juu tu." Kwenye simu ya kawaida naweza kukitenganisha. Skrini ya ndani ya simu ya kukunja kwa kawaida huja nzima pamoja na fremu yake, na bei yake ni ya kifaa kingine kabisa. Mwambie muuzaji akuandikie bei hiyo kabla hujalipa.