Mchicha wa Jirani: Yanayosemwa na Yaliyo Tutani

Kaa dakika kumi kwenye genge lolote la Dar es Salaam utasikia elimu ya mboga ikitolewa bure. Nusu yake ni kweli.

"Jani lenye matundu halijapigwa dawa." Hii niliiamini miaka mingi, nikawa nachagua fungu lililoliwa kuliko yote. Tundu linakuambia kwamba mdudu alipita, basi. Huenda mkulima alipiga dawa kesho yake, baada ya kuona hasara. La kuuliza ni siku zilizopita tangu dawa ipigwe, maana kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, na zimeandikwa kwenye chupa. Hapo ndipo kununua kwa jirani kunalipa: mwenye tuta yupo, unamuuliza uso kwa uso. Nyanya iliyoshuka na fuso kutoka Ilula, ikapita kwa dalali na wachuuzi wawili, utamuuliza nani?

"Ikilimwa karibu, ni salama." Kwa hili nagombana na wapenzi wenzangu wa mboga za jirani. Mto Msimbazi unakatiza jijini ukibeba majitaka ya majumbani na viwandani, na watafiti wamepima mboga za bondeni humo wakakuta madini ya risasi na metali nyingine nzito. Kuosha kunaondoa udongo na vijidudu vingi. Metali iliyopanda kupitia mizizi haioshwi, hata uweke chumvi na siki. Kwa hiyo kabla ya bei, uliza maji: ya kisima, ya bomba au ya mto? Bustani mbili zinaweza kupakana, hii inamwagiliwa kwa kisima na ile kwa mfereji unaonuka. Mkulima asiye na la kuficha atakuonyesha kisima chenyewe, tena kwa maringo.

"Ya karibu ndiyo mbichi." Inategemea. Mchicha ukishang'olewa unaendelea kupumua, unapoteza maji na vitamini C, na joto la Pwani linauharakisha. Uliong'olewa alfajiri ukaingia chunguni mchana hauna mpinzani. Lakini fungu lililokaa juani gengeni kutwa nzima, likinyunyiziwa maji ya ndoo ili lisinyauke, ukaribu wake umebaki jina. Nenda mapema, au nenda bustanini kwenyewe wakati kina mama walionunua tuta zima wanang'oa na kufunga mafungu. Na ukifika nyumbani osha kwanza, kata baadaye. Ukikata kwanza, vitamini C inaondoka na maji.

Wala si kila kitu kinunuliwe karibu. Kabichi na karoti zinataka baridi ya Lushoto, na zinavumilia safari. Majani nanunua kwa jirani, karoti naiachia milima ya Usambara, na sioni kama nimesaliti mtu.

"Mchicha ni mboga ya waliokosa." Anayesema hivi utamkuta ananunua brokoli iliyoanza kugeuka njano kwenye friji ya supamaketi. Mchicha, mnavu na mgagani vina madini ya chuma, kalsiamu na viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Arusha kuna kituo cha World Vegetable Center, kilichoanza kazi mwaka 1992, na mboga hizihizi ni sehemu kubwa ya shughuli zake: kuhifadhi mbegu na kupata aina bora. Mafuta kidogo au tui la nazi husaidia mwili kufyonza viini hivyo vya vitamini A, na ndimu iliyokamuliwa mezani husaidia upande wa chuma.

Kuna pia wanaokimbia mnavu wakidai ni sumu. Matunda yake mabichi ya kijani ndiyo ya kuogopwa. Majani yaliyopikwa watu wamekula vizazi na vizazi.

"Kwa jirani ni rahisi siku zote." Subiri masika. Mvua kubwa inabeba mbegu zilizomwagwa juzi, matuta ya bondeni yanazama, na fungu la mchicha linapungua unene huku bei ikipanda. Mchicha unahitaji wiki tatu hadi nne kutoka mbegu hadi kuvunwa, hivyo jua likirudi leo, nafuu haiji kesho. Miezi hiyo mimi nahamia kwenye matembele na kisamvu, ambavyo mvua haivitishi.