Mashine ya kukata pembe: tunayoyaamini karakana na ukweli wake

Ukipita karakana za fremu, makabati au madirisha ya alumini, karibu kila moja ina mashine ya kukata pembe: ile yenye meza ndogo inayozunguka na kichwa kinachoshuka na bledi yake. Kwa kuwa kazi yake inaonekana nyepesi, unaweka ubao, unashusha, umemaliza, watu hawaihudumii mpaka siku inayokataa kuwaka. Hapo ndipo dhana nyingi potofu zinapozaliwa, na vijana wanaojifunza kazi wanazipokea kama zilivyo kutoka kwa waliowatangulia.

Jambo ninalolishikilia mimi ni kwamba kukata sawasawa na kubaki na vidole vyote ni kazi moja. Mashine iliyokosa kunyooka hubana bledi, bledi iliyobanwa hurusha ubao, na mkono ulioshika ubao huo huvutwa pamoja nao.

Dhana: Nikiachia swichi, mashine imezimwa, naweza kushika bledi.

Hapana. Chomoa plagi kwenye soketi, kisha iweke mahali unapoiona. Swichi ya mashine hizi iko kwenye mpini, pale pale unaposhika unapokigeuza kichwa, na umeme wetu hukatika na kurudi bila kubisha hodi. Kwa mashine ya betri, toa betri. Hakuna kipimo, usafi wala kubadilisha bledi kunakoanza kabla ya hapo.

Dhana: Mashine mpya imeshapimwa kiwandani, haina haja ya kurekebishwa.

Hili ndilo linalotugharimu mbao nyingi kuliko mengine yote. Kiwandani huenda ilipimwa kweli, lakini baada ya hapo imesafiri ndani ya kontena, ikapakiwa kwenye bodaboda au kirikuu na kushushwa kwa kishindo. Vile vituo vinavyonasa meza kwenye 0, 15, 22.5, 31.6 na 45 vinakuambia meza imesimama wapi tu. Havikuambii kama bledi iko mraba (digrii 90) na chuma cha nyuma ambacho ubao unakiegemea, yaani egemeo.

Utahitaji skwea unayoiamini. Ipime kwanza: egemeza skwea kwenye ukingo wa ubao ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, kisha chora mstari mwingine ukianzia pale pale. Mistari ikilaliana, skwea ni nzima. Ikiachana, tafuta skwea nyingine, maana mashine utakayoipima kwa skwea mbovu itapinda zaidi ya ilivyokuwa.

Plagi ikiwa nje, shusha kichwa ukifunge kwa pini yake, halafu peleka meza kwenye sifuri. Weka skwea, mkono wake mmoja kwenye egemeo na mwingine kwenye bati la bledi, katikati ya meno. Hapa wengi hukosea, kwa sababu meno ni mapana kuliko bati. Skwea ikigusa jino itakuonyesha mwanya usiokuwepo, nawe utaanza kupinda kilichonyooka. Ukiona mwanya wa kweli, legeza bolti za egemeo (kwenye baadhi ya mashine zinazolegezwa ni skrubu za bati la namba za pembe), sogeza kidogo kidogo, kaza, kisha pima tena. Lazima upime tena, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza kitu.

Ukimaliza hapo, simamisha skwea juu ya meza uone kama bledi imesimama wima. Bolti ya kikomo cha sifuri ndiyo utakayoizungusha, halafu uende kwenye ile ya kikomo cha 45. Kishale kinachoonyesha namba kirekebishwe mwisho kabisa. Nimeona mafundi wakianza nacho, wanakisogeza kisome sifuri na kuamini mashine imepona, kumbe kilichobadilika ni namba tu.

Kisha ithibitishe kwa mbao. Chukua kipande kipana chenye kingo mbili zilizo sambamba, tuseme cha milimita 150, ukikate katikati. Pindua nusu moja, juu iwe chini, kisha kutanisha tena sehemu zilizokatwa huku vyote viwili vikiegemea kitu kilichonyooka. Kosa lolote sasa linaonekana mara mbili. Kosa la nusu digrii, ambalo kwenye kipande kimoja ni kama milimita 1.3, hapa linaachia mwanya wa milimita 2.6 unaoonekana bila miwani.

Nusu digrii si ndogo. Fremu ya picha au ya kioo ina kona nne, na kila kona ina mikato miwili. Mikato minane, kila mmoja ukiwa umekosea nusu digrii upande ule ule, inajumlisha digrii nne. Ndiyo maana kona tatu zinabana vizuri na ya nne inaachama, kisha fundi anaijaza gundi na unga wa mbao akilaumu ubao.

Angalia pia kama nusu mbili za egemeo, kushoto na kulia ya bledi, ziko kwenye mstari mmoja. Ziwekee rula ndefu ya chuma. Kama nusu moja imetangulia mbele, ubao unacheza wakati bledi iko ndani yake, na njia ya bledi inajifunga.

Dhana: Bolti ya bledi ikigoma, igonge kwa nyundo.

Kwenye mashine nyingi za pembe bolti hiyo ina nyuzi za kushoto, ili isilegee yenyewe bledi inapozunguka. Unailegeza kwa kuzungusha kulia, kama mshale wa saa. Anayezungusha kushoto kwa nguvu anazidi kukaza, na mwisho alenkii (funguo ya pembe sita) inakula kichwa cha bolti. Bonyeza kitufe cha kufungia shafti huku ukizungusha bledi taratibu kwa mkono mpaka kinase. Kitufe hicho kisibonyezwe kamwe bledi ikiwa inazunguka, kana kwamba ni breki.

Glovu uzivae hapa, wakati wa kushika bledi. Wakati wa kukata uzivue. Watu wengi hufanya kinyume: wanakata wakiwa na glovu za kitambaa, wakidhani zinalinda vidole, na uzi mmoja ukinaswa na meno unavuta mkono mzima kabla hujajua kimetokea nini.

Kabla ya kurudisha bledi, futa washa zake, zile ringi bapa zinazoibana, pande zote mbili. Punje ya vumbi iliyobanwa hapo inatosha kuifanya bledi iyumbe. Mshale wa bledi ufuate mshale uliochorwa kwenye gadi, yaani kinga inayofunika bledi, na meno ya chini yaelekee kwenye egemeo.

Dhana: Bledi yoyote inayoingia kwenye shafti inafaa.

Mashine ya bledi ya milimita 255 inauzwa ikiwa na tundu la 30 au la 25.4, na zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huwa na karibu milimita 15.9. Tofauti inazibwa kwa ringi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kipande cha bati la kopo kilichokunjwa hakifai, kwani bledi inakaa nje ya kitovu na kutetemesha kila kitu. Soma pia mzunguko ulioandikwa kwenye bledi: lazima uwe mkubwa kuliko wa mashine, au angalau ulingane nao.

Kuna jambo la mwinamo wa meno pia, ambalo halizungumzwi sana. Bledi za kupasulia mbao kwa urefu zina meno yaliyoinama mbele sana, digrii 20 hivi, na kwenye mashine ya pembe hupanda juu ya ubao na kuuvuta. Zinazofaa hapa zina mwinamo mdogo, karibu na sifuri, au hata wa kurudi nyuma.

Kubwa kuliko yote ni ile tabia ya kufunga diski ya kukatia chuma kwenye mashine ya mbao. Nimeiona mara nyingi, na inanisikitisha kila mara. Gadi yake ya plastiki haikutengenezwa kuzuia vipande vya diski iliyopasuka, na mzunguko wake unaweza kuzidi ule diski inaouvumilia. Halafu ndani ya mashine kuna vumbi la mbao lililolala miezi, na sasa unalimwagia cheche. Chuma kina mashine yake. Alumini inakatika vizuri kwenye mashine ya pembe, lakini kwa bledi ya alumini, na kipande kikiwa kimebanwa kwa klempu.

Dhana: Bledi butu haina hatari kama kali.

Bledi kali inapita, na butu unaisukuma. Ukishaanza kusukuma, mwili umeegemea mbele, ubao unaungua, na chochote kikiteleza mkono uko njiani. Mninga na mkongo vinalionyesha hili haraka: ukiona alama nyeusi kwenye mkato na harufu ya kuungua, simama.

Lakini usikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi kinachoitwa ubutu ni utomvu ulioganda kando ya meno, hasa kwa anayekata paini au saiprasi. Toa bledi, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, isugue kwa mswaki wa zamani, ikaushe kabisa. Nadhani nusu ya bledi zinazotupwa zingeweza kurudi kazini kwa njia hiyo. Usikwangue kwa bisibisi: meno ya kabaidi ni magumu lakini yanamong'onyoka, na jino likishatoka bledi hiyo haifai kukata tena. Tupa nayo haiyanoi, kwani kabaidi ni ngumu kuliko tupa. Mpelekee mwenye mashine ya jiwe la almasi.

Dhana: Gadi inaziba macho, ifungwe kwa waya ibaki juu.

Ikiziba macho, ioshe. Plastiki iliyofifia kwa vumbi inarudi kuwa angavu kwa maji ya sabuni na kitambaa laini. Petroli na tina zinaifanya ipasuke. Ikiwa inashuka polepole au inakwama, tafuta vumbi kwenye bawaba na springi iliyochoka, uirekebishe. Gadi inatakiwa kushuka yenyewe, haraka, kila unapoinua kichwa. Nikikuta imefungwa kwa waya, siigusi mashine hiyo.

Dhana: Mashine ya kuteleza, ile ambayo kichwa chake huenda mbele na nyuma juu ya reli, unakata kwa kukivuta kuja kwako.

Ni kinyume. Vuta kichwa kije mbele kikiwa juu, kiwashe, kishushe ndani ya ubao, kisha sukuma kwenda nyuma. Ukikata huku unavuta, bledi hupanda juu ya ubao na kukukimbilia. Mkono unaoshika ubao ukae mbali na njia ya bledi kwa angalau milimita 150, na mikono isipishane. Kipande kifupi kuliko hapo kishikwe kwa klempu. Ubao uliopinda uweke mgongo wake, upande uliobinuka, kwenye egemeo. Ukiuweka kinyume, mkato utajifunga na kuikaba bledi. Ukimaliza kukata, achia swichi kichwa kikiwa bado chini, subiri bledi isimame, ndipo uinue. Haraka ya kuinua bledi ikiwa bado inazunguka ndiyo inayorusha vile vipande vidogo usoni.

Dhana: Cheche kwenye mota ni kawaida.

Chache za bluu, ndiyo. Zikiwa duara la moto kuzunguka amecha (sehemu ya mota inayozunguka), au mashine ikapoteza nguvu na kunuka, angalia kaboni, vile vipande viwili vinavyoigusa na kuipelekea umeme. Hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, kabla hazijafika alama ya mwisho, na ziwe za mashine hiyo, si zilizopunguzwa kwa msasa mpaka zikaingia.

Mara nyingine kosa liko kwenye waya. Mashine ya wati 1800 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 8. Ekstensheni ndefu na nyembamba inaiibia volti, mota inahangaika na kupata joto. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, na kama uko kwenye roli, ufungue wote, kwa sababu ukizungushwa unapata joto hadi kuyeyuka. Mashine za mtumba kutoka Uingereza zenye plagi ya njano ni za volti 110 za maeneo ya ujenzi. Anayekata plagi hiyo na kuweka ya kwetu ataichoma mota siku hiyo hiyo. Inahitaji transfoma inayotosha wati zake.

Dhana: Oili nyingi ndiyo huduma.

Oili ya injini kwenye reli za kuteleza inachanganyika na vumbi na kuwa uji unaokwaruza. Futa reli kwa kitambaa kikavu, na kama kitabu cha mashine kinataka kilainisho, tone moja au mawili ya oili nyepesi yanatosha, kisha futa tena.

Vumbi lenyewe lipewe uzito wake. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na inayotajwa hasa ni ya pua. Mvule unawasha ngozi na kifua cha watu wengi. Mfuko wa nyuma ya mashine unakamata sehemu tu, tena ukijaa haukamati kitu, kwa hiyo umwage mapema, vaa barakoa inayokaza usoni, na unaposafisha mota kwa upepo wa kompresa fanyia nje, ukiwa umevaa miwani.