Kwa nini gamba la ng'amba huvunja mkataba likifika Shimoni, lakini si likifika Tanga?

Tuseme chombo cha wavuvi waendao dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi mbali na kwao, kinang'oa nanga Pemba, na ndani yake mna gamba la ng'amba, yule kasa ambaye gamba lake lilikuwa likitengenezwa vitana na mapambo. Nahodha akishika magharibi atafika Tanga. Akishika kaskazini-magharibi atafika Shimoni, nchini Kenya. Gamba ni lile lile, na mnyama ni yule yule aliye hatarini kutoweka. Hata hivyo, safari ya Shimoni bila ya vibali inavunja mkataba wa kimataifa ujulikanao kama CITES, na safari ya Tanga haiuvunji.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa CITES ndiyo inayomkataza mtu kumchinja kasa, na nimewasikia wengi wakiwaeleza wageni hivyo hivyo. Imani hiyo ni kosa, na inafaa kusahihishwa kwa utulivu. Mkataba huo, uliotiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1979, haukatazi kuvua, kuchinja wala kula. Unachosimamia ni biashara ya kimataifa, na kifungu chake cha kwanza kinaitaja biashara kuwa ni mambo manne tu: kupeleka nje ya nchi, kupeleka tena nje kitu kilichokwisha kuingizwa, kuingiza nchini, na kuingiza kitu kilichochukuliwa katika bahari isiyo chini ya mamlaka ya nchi yoyote. Ng'amba aliyechinjwa ufukweni Misali, kisiwa kidogo kando ya Pemba, na kuliwa Pemba hayumo katika hayo manne. Kwa upande mwingine, neno biashara hapa halihitaji fedha: mgeni aliyepewa kitana cha gamba kwa zawadi naye huhesabiwa anapovuka nacho mpaka kurudi kwao.

Mfano ulio karibu ni nyumba yenye bawabu langoni. Bawabu hufungua kila furushi linalotoka na linaloingia, lakini haruhusiwi kufika jikoni, na kinachohamishwa kutoka chumba hiki kwenda chumba kile hakimhusu. Kwa CITES, nyumba ni dola mwanachama, na mwanachama ni Jamhuri ya Muungano. Unguja, Pemba na Tanga ni vyumba vya nyumba moja. Shimoni ni nyumba ya jirani, yenye bawabu wake. Kwa kuwa ng'amba yumo katika orodha ya mkataba iitwayo Kiambatisho cha Kwanza, yenye masharti makali kuliko zote, mabawabu wote wawili hutakiwa kutoa kibali, na utaratibu wake unafanana na wa posa: bi harusi hatolewi kwao mpaka upande unaompokea umekwisha kukubali. Kibali cha kutoa hakitolewi kabla ya kibali cha kupokea, na hicho cha kupokea hakitolewi ikiwa kusudio hasa ni kuuza.

Msomaji asidhani, basi, kuwa safari ya Tanga ni halali. Jiko lina sheria zake. Mambo ya nchi za nje ni ya Muungano, ndiyo maana mikataba huridhiwa kwa jina la Tanzania, lakini mazingira hayamo katika orodha ya mambo ya Muungano. Kwa hiyo Baraza la Wawakilishi la Zanzibar limetunga Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2010 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015, na Bara ina sheria zake. Kuvua kasa kumekatazwa pande zote mbili.

Haifai pia kusema kuwa hakuna mkataba wowote unaogusa uvuvi wa kasa. Mkataba wa Bonn wa mwaka 1979, unaohusu wanyama wahamao, na ambao Tanzania ni mwanachama, unazitaka nchi anamoishi mnyama aliyeorodheshwa katika Kiambatisho chake cha Kwanza zikataze kumkamata, ingawa unaacha nafasi kwa mahitaji ya wanaomtegemea kwa riziki ya jadi. Ng'amba yumo humo. Lakini mkataba huo nao unasema na serikali. Mvuvi hukutana nao kupitia sheria ya nchi yake tu.

Anayemwona ng'amba akichinjwa Misali ataje sheria ya uvuvi ya Zanzibar, kwa kuwa hiyo ndiyo yenye nguvu pale ufukweni. CITES ataitaja gamba likishapakiwa chomboni na tanga kuelekezwa Shimoni.